Shule ya parokia inafungwa: imani ya watoto nani atailea?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Sisi ni familia ya Kitanzania, tunaishi Ohio, Marekani, mwaka wa saba sasa. Tuna watoto wawili, wa kiume miaka 11 na wa kike miaka 7, wote wako shule ya parokia. Tumetangaziwa kwamba shule inafungwa mwezi wa sita. Shule ya umma iko karibu na ni bure. Shule ya Kikatoliki iliyobaki iko mbali na ada yake ni kubwa. Mume wangu anafanya kazi zamu ya usiku, nami nafanya kutwa. Kwa nini shule hizi zinakufa? Naogopa watoto watapoteza imani. Tufanye nini?

JIBU: Milele na milele, amina, mama.

Nianze na hilo la kwa nini, maana wazazi wengi shule ikifungwa hujilaumu kana kwamba wangechangia zaidi isingefungwa. Shule yenu imebeba mzigo ulioanza kabla hamjazaliwa. Mwaka 1884 maaskofu wa Marekani walikutana Baltimore wakaagiza kila parokia iwe na shule yake ndani ya miaka miwili. Agizo halikutimia kila mahali, lakini mtandao uliojengwa ulikuwa mkubwa kweli: mwanzoni mwa miaka ya 1960 shule za Kikatoliki zilikuwa karibu 13,000, zenye wanafunzi zaidi ya milioni 5. Leo shule hazifiki 6,000, na wanafunzi ni milioni 1.7 hivi.

Jengo hilo lote lilisimama juu ya masista. Mwaka 1965 Marekani ilikuwa na masista wapatao 180,000. Sasa hawafiki 40,000. Sista alifundisha kwa posho ndogo na aliishi nyumba ya watawa kando ya kanisa, ndiyo maana ada ilikuwa ndogo, na pengine haikuwapo kabisa. Alipozeeka bila mrithi, darasa lake lilishikwa na mwalimu mlei mwenye watoto, kodi ya nyumba na bima ya afya. Mshahara wake ndio ada mnayoona leo. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ilizuia serikali za majimbo kuchangia mishahara ya walimu wa shule za dini. Wakati huohuo wajukuu wa Waireland, Wapolandi na Waitaliano waliojenga parokia za mjini walikuwa wakihamia vitongojini, na familia zao zikawa na watoto wachache. Ugonjwa wa korona ulikuta nyumba imeshapasuka kuta: katika mwaka mmoja wa masomo, 2020 hadi 2021, wanafunzi walipungua kwa asilimia 6.4, na shule zaidi ya 200 zilifungwa au kuunganishwa.

Sasa, kuhusu hofu yako. Wewe mwenyewe umetoka katika Kanisa lililowahi kupoteza shule zake karibu zote kwa mpigo mmoja. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule za misheni Tanzania zikawa za serikali, hata Pugu alikofundisha Mwalimu Nyerere. Seminari zilibaki, lakini mtoto wa kawaida wa kijijini hakuwa na shule ya Kanisa tena. Kilichofuata unakijua, maana huenda ndicho kilichokulea: katekista wa kigango, kipindi cha dini shuleni, sala ya jioni nyumbani, na Jumuiya Ndogo Ndogo ambazo maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu ya Afrika Mashariki, walizifanya kipaumbele katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976. Kazi ya shule iligawanywa, kila sehemu ikapata mwenyewe. Ndivyo mtakavyofanya hapo Ohio, na shida inaanzia pale familia zinapoacha sehemu mojawapo bila mwenyewe.

Kanisa halijawahi kuipa shule nafasi ya kwanza. Kanuni 774 ya Sheria ya Kanisa inasema wazazi kuliko wengine wote wana wajibu wa kuwalea watoto katika imani kwa neno na kwa mfano. Mlikubali hilo kwa mdomo wenu siku ya ubatizo. Na wanaochunguza mambo haya kwa takwimu wamefika palepale. Utafiti mkubwa wa vijana na dini ulioongozwa na mwanasosholojia Christian Smith, ambao uliwafuatilia vijana wa Marekani tangu miaka yao ya ujana hadi utu uzima, ulikuta kwamba hakuna kinachoathiri imani ya kijana kuliko wazazi wake: wanavyosali, na wanavyozungumza juu ya Mungu katika siku za kawaida za wiki. Wapo waliosoma shule ya Kikatoliki miaka kumi na miwili na leo hawakanyagi kanisani. Wengi wao nyumbani dini ilikuwa kitu kilichoachwa getini pamoja na begi.

Tupige hesabu ya kinachoondoka. Chukua siku 180 za masomo, kipindi cha dini dakika 40 kwa siku: saa 120 kwa mwaka, mbali na Misa ya shule na sala ya asubuhi. Mafundisho ya dini ya parokia kwa watoto wa shule za umma, yakiwa vikao 30 vya saa moja na robo, ni saa 37 na nusu. Pengo ni saa 80 na ushee. Dakika kumi kila jioni kwa siku 300 ni saa 50. Nusu saa ya Jumamosi mara 40 ni saa 20. Pengo limebaki dogo, na mama mwenye kazi ya kutwa anaweza kulimudu.

Kabla ya hapo kuna uamuzi wa shule. Usiiache ile ya mbali kwa kuangalia bei iliyoandikwa tu. Ohio ina mpango wa msaada wa ada uitwao EdChoice, na tangu 2023 familia zote zinaruhusiwa kuomba, kiasi kikipungua kadiri kipato kinavyopanda. Ofisi ya shule hiyo ndiyo huwasaidia wazazi kuomba, kwa hiyo nendeni mapema na vielelezo vya kipato na makazi. Ulizeni pia habari ya basi: wilaya za shule za umma Ohio hubeba wanafunzi wa shule binafsi pia, ikiwa mwendo hauzidi dakika 30. Halafu ulizeni mambo ambayo wazazi wetu husahau kwa sababu macho yako kwenye matokeo ya mtihani: Misa ya shule ni mara ngapi kwa wiki, watoto wanapata nafasi ya maungamo lini, anayefundisha dini ameandaliwa na nani. Kwetu nyumbani tumezoea kutafuta shule ya masista kwa ajili ya nidhamu na ufaulu. Ni sababu nzuri, lakini hazitoshi kukuingiza kwenye deni.

Na hapa nitasema wazi ninavyoamini. Ikiwa ada itamlazimu baba kuongeza kazi ya pili, au wewe kuchukua zamu za mwisho wa wiki, iacheni. Mtoto aliye shule ya Kikatoliki ambaye hamwoni baba yake akipiga magoti tangu Jumatatu hadi Jumapili ana imani dhaifu kuliko wa shule ya umma anayemwona kila siku.

Mkienda shule ya umma, jambo la kwanza kabisa ni la binti. Ana miaka 7, na majimbo Katoliki mengi ya Marekani hutaka miaka miwili ya maandalizi kabla ya komunyo ya kwanza, kwa kawaida darasa la kwanza na la pili. Mwaka wake wa kwanza ameufanya shuleni. Msipomwandikisha kwenye mafundisho ya parokia kwa mwaka unaofuata mara moja, huhesabiwa kuwa alikatiza, na huenda akaanza upya huku wenzake wanapokea. Kila mwaka wapo watoto wanaochelewa hivi, kwa sababu mzazi alidhani shule na parokia zinapeana majina zenyewe. Pateni barua ya mkuu wa shule inayosema amekamilisha mwaka wa kwanza wa maandalizi, pamoja na rekodi za masomo na chanjo za wote wawili, kabla ofisi haijafungwa. Baada ya hapo kumtafuta wa kusaini ni kazi. Kama kuna aliyebatizwa Tanzania, agizeni cheti cha ubatizo kipya kutoka parokia alikobatizwa, kikiwa na namba ya kitabu cha ubatizo. Komunyo inaweza kusubiri cheti kwa wiki chache. Kipaimara cha kaka yake kitakihitaji pia, na taarifa ya kipaimara hurudishwa kuandikwa kwenye kitabu kilekile.

Sasa zile dakika kumi. Msitafute usiku, maana usiku baba hayupo na wewe umechoka. Kama anaondoka saa kumi na moja jioni, sala iwe saa kumi na nusu, amevaa nguo za kazi, funguo za gari mezani. Simu zote, na yako pia, ziwe chumba kingine. Baba ndiye aanze ishara ya msalaba. Akiachia wewe kila siku, kijana wa miaka 11 atajifunza kwamba sala ni kazi ya akina mama, naye akikua ataiacha pamoja na utoto. Baada ya msalaba, mtoto mmoja asome mistari mitatu au minne, isizidi, ya Injili ya Dominika inayokuja. Kwa kuirudia wiki nzima, wakifika Misani wanaisikia kama habari wanayoijua. Halafu neno moja, halafu kila mtu amtaje anayemwombea kwa jina, halafu Baba Yetu.

Hilo la neno moja nilieleze, maana hapo ndipo utajiri ulipo. Chukua mwisho wa Baba Yetu yetu: "lakini utuopoe maovuni." Mtoto aliyekulia Ohio anaitamka kila siku na hajui kuopoa ni nini. Mwambie: kamba ikikatika, ndoo ikazama kisimani, inaopolewa. Mtu akizama mtoni, anaopolewa. Anayeopoa yuko juu, na aliyezama hajiopoi mwenyewe, kazi yake ni kuukubali mkono. Kisha uliza: leo shuleni ulizama wapi? Ukae kimya. Siku ya kwanza atasema "sijui". Siku ya nne atakuambia kitu ambacho hungekisikia kwa kumhoji. Kesho yake chukua "jina lako litukuzwe", keshokutwa "umejaa neema". Baba Yetu peke yake inatosha mwezi mzima.

Wazazi wengi waliohama huuliza wasali kwa lugha gani. Sala za kukariri ziwe za Kiswahili, kwa sababu ndizo bibi anazozijua, na ndizo zitakazowaruhusu kusali naye. Mazungumzo yawe kwa lugha ambayo mtoto anafikiria nayo, hata kama Kiingereza chako kinakwama. Mkilazimisha Kiswahili kote, maswali yake ya kweli yatabaki kichwani. Mkiacha Kiswahili kote, imani itaonekana ni kitu cha shule, na shule imefungwa.

Mambo mawili huua sala ya familia haraka. La kwanza ni urefu. Mzazi akipata moto wa roho Kwaresima huanza na rozari nzima, na kufikia Dominika ya pili watoto wanaichukia. Anza na fungu moja la rozari, Ijumaa tu. La pili ni kuigeuza adhabu: "kwa kuwa umenijibu vibaya, utasali peke yako." Hapo umemfundisha kwamba Mungu ni fimbo. Siku mkichelewa, mkiwa na homa au wageni, msifute. Simameni mlangoni mseme Baba Yetu moja, nusu dakika, basi. Watoto husamehe sala fupi. Wanachokinukuu baadaye ni zile siku haikuwepo.

Jumamosi ni ya mafundisho. Chukua katekisimu ya watoto iliyoidhinishwa na Kanisa, ya lugha yoyote, lakini usiifuate ukurasa kwa ukurasa. Gawa mwaka hivi: vifungu 12 vya Nasadiki, sakramenti 7, amri 10, maombi 7 ya Baba Yetu. Jumla 36, kimoja kwa Jumamosi. Zinabaki nne za kurudia, mbili Majilio na mbili kabla ya Pasaka. Kila kimoja kiwe na sentensi moja ya kukariri na tendo moja la kufanya wiki hiyo. Kwa amri ya nne, kwa mfano, wampigie simu babu na kumuuliza habari zake, bila kuomba kitu. Nusu saa ikiisha, funga kitabu hata kama hamjamaliza. Binti akae nanyi japo haelewi yote, maana kaka yake akimweleza mdogo ndipo naye anaelewa.

Bibi msimwache nje. Saa tano asubuhi ya Jumamosi Ohio ni saa kumi na mbili jioni Tanzania majira ya joto, na saa moja usiku majira ya baridi. Baada ya somo mpigieni kwa video, aongoze Salamu Maria tatu. Na umtafute msimamizi wa ubatizo wa kila mtoto. Wengi wetu humkumbuka siku ya sherehe tu. Mwambie kinachohitajika: ujumbe wa sauti mara moja kwa mwezi, akimtaja mtoto kwa jina na kumwambia anamwombea.

Kuna kitu ambacho nyumba peke yake haiwezi kukitoa, nacho ni wenzao. Shuleni mwana wako alikuwa amezungukwa na watoto wanaopiga ishara ya msalaba. Kuanzia mwezi wa nane huenda akawa peke yake mezani wakati wa chakula. Hapo ndipo jumuiya inapohitajika. Tafuta familia nne au tano za Kikatoliki zinazoweza kufikiana kwa nusu saa ya gari, hata wakiwa Wakongo, Wakenya au Warundi, maana Kiswahili kinawaunganisha. Mkutane kila wiki mbili, nyumba kwa zamu. Mwarifu paroko tangu mwanzo, umwombe aje mara moja kwa mwaka kubariki nyumba.

Jumuiya nyingi za ughaibuni huharibika kwa njia ileile. Zinaanza kwa Neno la Mungu, zinageuka michango ya misiba na harusi, na watoto wanapelekwa chumba cha chini ya nyumba na sinia la wali na simu. Wakubwa wanasali juu, watoto wanaangalia katuni chini, na kila mtu anadhani watoto wamehudhuria. Dakika ishirini za kwanza wakae na wakubwa, na kila mmoja awe na kazi: wa miaka 11 asome Injili, wa miaka 7 awashe mshumaa na kuanza wimbo. Michango izungumzwe baada ya sala ya mwisho, watoto wakishatoka. Kama parokia ina kundi la vijana au la kutumikia altareni, mpeleke kijana sasa. Mtoto mwenye zamu altareni ana sababu yake mwenyewe ya kuamka Dominika.

Yeye ndiye wa kumtazama kwa karibu. Utafiti wa Saint Mary's Press, wachapishaji wa Kikatoliki, na kituo cha utafiti cha CARA juu ya vijana walioacha Ukatoliki Marekani ulikuta umri wa kati wa kuacha ni miaka 13. Kwa kawaida mtoto hatangazi. Anaacha moyoni na kuendelea kukaa kwenye benchi mpaka apate nafasi ya kutokuja. Kinachotangulia mara nyingi ni maswali yaliyozimwa. Akiuliza kama Mungu aliumba dunia mbona kuna mabaki ya dinosaria, au kwa nini rafiki yake mwema asiye Mkristo afikiriwe vibaya, usimwambie anakufuru. Nunua daftari, mliite daftari la maswali, aandike swali na tarehe. Kama unajua jibu, jibu. Kama hujui, sema hujui, na ahadi iwe siku saba: mmuulize paroko baada ya Misa au mtafute kwenye Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ambayo ina faharasa nzuri mwishoni. Kwa hilo la dinosaria jibu halipo mbali. Kanisa halifundishi kwamba Mwanzo ni kitabu cha jiolojia, na aliyependekeza kwanza nadharia ya chanzo cha ulimwengu ambayo leo inaitwa ya mlipuko mkuu (Big Bang), Georges Lemaître wa Ubelgiji, alikuwa padre. Siku saba zikipita bila jibu, daftari litakufa, naye atauliza simu.

Na akifika miaka 14 au 15 akasema haji Misani? Usibishane naye Dominika asubuhi viatu viko mkononi. Chukua Ijumaa, mkae wawili, umuulize ni kitu gani kimoja kinachomkwaza. Vijana wengi hutaja kitu kidogo kuliko ulivyoogopa: hotuba asiyoielewa, aibu ya kukaa na wazazi, rafiki aliyemcheka, dhambi anayoona aibu kuiungama. Kila kimoja kina dawa yake, na hilo la mwisho dawa yake ni padre asiyemjua, katika parokia ya jirani. Maadamu anaishi kwenu, Misa ya Dominika ibaki utaratibu wa nyumba kama chakula cha jioni, lakini achague ya saa ngapi na akae benchi lipi. Sala ya jioni iendelee palepale, saa kumi na nusu, naye akikaa kimya mwacheni akae kimya, kiti chake kisiondolewe.